Kadi Yenye Blanketi la Njano

Haya yalimpata rafiki yangu mshonaji, mchana kweupe, kwenye kikao cha kina mama. Mtoto wake alikuwa amemwacha amelala kwa wifi yake. Mwezeshaji akatandaza kadi za picha mkekani.

"Kila mmoja achague inayomgusa."

Rafiki yangu akaokota moja. "Jamani, huyu si wangu?" Mtoto amelala, blanketi la njano, na tundu lilelile aliloliunguza kwa pasi asubuhi.

"Acha masihara, dada. Kadi hizi ninazo mwaka wa sita."

Umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha, giza totoro, naye akasikia mtoto akihema pale mkononi, kwenye kadi. Kisha kimya.

Taa ziliporudi simu yake ilikuwa ikiita, ni wifi yake anapiga, naye hapokei, anaitazama kadi: kitanda kitupu, blanketi limekunjwa vizuri, tundu juu.