Kikohozi na Kipande cha Sabuni

Mama Jecinta aliapa mbele ya wanawake wote waliokuwa bombani kwamba aliliona kwa macho yake mawili. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na mtaa wa Jericho ukiwa kimya, gari la Bedan liliondoka peke yake. Halikuwa na dereva. Lilikata kona ya sokoni, likamngoja kuku avuke barabara, kisha likaenda kusimama mbele ya duka la nyama.

"Likanunua kilo ngapi?" mwanamke mmoja akauliza.

"Chekeni tu," Mama Jecinta akasema huku akijitwika ndoo. "Gari lile limekaa duniani mpaka limezijua njia zote."

Ukweli ni kwamba Bedan alikuwa ndani. Alikuwa ameinama chini ya usukani, ameshikanisha waya mbili kwa mkono mmoja na kuendesha kwa mkono wa pili, akichungulia mara moja moja kama mtu anayejificha mvua. Lakini nani angetaka kusikia hayo? Jumatatu, kabla hata kengele haijalia, hadithi ilikuwa imeshafika shuleni, na imeongezwa chumvi njiani.

"Wacuka!" Jecinta aliita mbele ya darasa zima la sita. "Leo gari lenu limeamkaje? Limekunywa dawa?"

Wacuka alijifanya anatafuta kalamu mkobani. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Pijo iliyoundwa kabla yeye hajazaliwa, na watu waliliita Kikohozi. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Taa moja ya nyuma ilitoka kwenye lori. Baba yake alilitumia kubebea vitanda na makabati kutoka kwa maseremala wa Gikomba, na kila asubuhi jamaa yote ilitoka kulisukuma: mama upande wa kulia, Wacuka upande wa kushoto, tayari amevaa sare ya shule. Watu walipomwambia Bedan anunue jipya, aliwajibu, "Jipya nitalizoea lini? Hili nakijua kila kikohozi chake na maana yake."

Wiki ile mwalimu mkuu alimpa Bedan kazi ya kuleta madawati mapya ya shule. Wanafunzi wangengoja langoni Jumamosi kuyashusha. Bedan alifurahi, lakini pia aliingiwa na wasiwasi.

"Likiniaibisha siku hiyo," alimwambia mkewe, "namwachia Dubow."

Dubow aliuza vipuri vya magari makuukuu kando ya barabara ya Jogoo, karibu na Makongeni. Kila alipoliona Kikohozi aliulizia milango yake kwa heshima, kama mtu anayeposa. Wacuka aliposikia jina hilo, moyo wake uliruka. Dubow akilichukua, pengine baba atanunua gari la kuwaka kwa ufunguo, kama magari ya watu!

Hata hivyo, maadamu Jecinta angekuwa langoni, heri gari ling'ae. Jumamosi alfajiri, baba yake akinywa chai, Wacuka alichukua maji ya moto, brashi na kijiko. Rafiki yake Shamis alikuja kumsaidia. Walipomaliza juu, Wacuka akalala chali, akajisukuma chini ya gari.

"Hata huko?" Shamis akashangaa. "Nani atatazama huko?"

"Humjui Jecinta wewe."

Chini ya tangi la petroli Wacuka aliona donge jeusi limegandamana, kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Alilikwangua kwa kijiko, akalimwagia maji ya moto, akalisugua mpaka bati likawa safi. Tone moja likamwangukia shavuni. Akalipangusa, akidhani ni maji.

Bedan alitoka, akalizunguka gari lake linalometameta. Walilisukuma, likakohoa, likawaka. Wacuka akapanda mbele. Gikomba walipakia madawati kumi, wakayafunga kwa kamba, wakaanza kurudi. Walipofika Makongeni, Kikohozi kikakohoa mara tatu, kikanyamaza.

Na kati ya mahali pote duniani, kilinyamaza mbele ya Dubow.

"Bedan, ndugu yangu!" Dubow alikuja akipangusa mikono. "Amefariki?"

"Jana nimetia petroli!" Bedan alipiga usukani. "Jana tu! Imekwenda wapi? Injini imeanza kunywa kama ng'ombe." Akashuka, akafungua boneti, akatazama, akaifunga kwa kishindo. "Basi. Nimechoka. Nisaidie kupata mkokoteni wa kupeleka madawati, halafu ulichukue. Lote."

Dubow hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikwenda akaja na bisibisi.

Wacuka alikuwa amesimama nyuma. Njia yote waliyopita ilikuwa na matone, tone baada ya tone, na sasa moja lilining'inia chini ya tangi, palepale alipopasugua. Harufu yake haikuwa ya maji. Angenyamaza tu, gari lingekwenda kwa Dubow, wala hakuna ambaye angejua. Akamtazama baba yake. Bedan alikuwa amelipa Kikohozi mgongo, akijipangusa uso kwa kofia, na Dubow alishafungua skrubu ya kwanza ya mlango.

"Baba," alisema. "Ni mimi. Kulikuwa na uchafu chini ya tangi. Nimeukwangua na kijiko."

"Uchafu gani?"

"Donge. Jeusi. Nikalimwagia maji ya moto."

Bedan aliinama, akachungulia, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama wewe!" alimpigia kelele mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi hatua chache kutoka hapo. "Ondoa jiko! Ondoa haraka!"

"Na mahindi?"

"Hata mahindi! Hii ni petroli!"

Mwanamke aliondoka na jiko mikononi, mahindi yakidondoka moja moja, Dubow akimfuata nyuma akiyaokota. Mahindi mawili hayakurudi kwa mwenyewe.

"Donge lile ni sabuni," Bedan alimwambia binti yake. "Jiwe lilitoboa tangi, nikaliziba nayo. Petroli haiyeyushi sabuni. Maji ndiyo huiyeyusha, tena maji ya moto!"

Alimtuma dukani akanunue sabuni ya kipande. Wacuka aliifinyanga mpaka ikawa laini kama unga uliokandwa, na Bedan akaisindilia kwenye tundu. Dubow alirudisha skrubu, taratibu sana, kisha akaleta petroli kwenye debe. Wafanyakazi wa reli waliokuwa wakitoka zamu wakaombwa mabega yao. Kikohozi kikasukumwa, kikakohoa, kikawaka, na madawati yakafika shuleni saa sita badala ya saa nne.

Wakirudi nyumbani, Bedan alimgeukia binti yake.

"Leo umefanya makosa kwa kutojua, na hilo nakusamehe. Ungenyamaza, hilo lingekuwa jambo jingine. Nimepewa ukweli mapema, ndiyo maana nimeweza kutengeneza. Lakini na mimi nina langu. Sabuni ni ya kukufikisha nyumbani tu, na mimi nimetembea nayo tangu Pasaka, kwa uvivu wa kwenda kwa fundi. Gari kuukuu halimtaki mvivu, Wacuka. Linataka mtu anayeshughulikia kidogo leo ili asije akashughulikia kikubwa kesho. Jumatatu tangi litachomelewa."

Wacuka alifikiria jambo hilo mpaka wakapita sokoni.

"Baba, nikiomba ruhusa kwa mwalimu, nitakwenda nawe kwa fundi? Nataka kujua kila kitu kilichoko huko chini na kazi yake."

Bedan alimtupia jicho, akaitikia kwa kichwa. Akabadilisha gia, akapiga honi ingawa barabara ilikuwa tupu.