Rafiki wa Pushpa

— Hongera, Kavita! Tunaishukuru sana familia kwa ruhusa.

— Ruhusa ya nini, Ann?

— Ya shajara za nyanya yako. Si Elkana anazisoma Jumamosi hapa Lewisham? Ukumbi umeshajaa.

Kavita aliaga kwa adabu, akakata simu. Ann alikuwa mwandalizi wa hafla za fasihi tu, hakuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa jikoni kwao Edmonton, kaskazini mwa London, anakaanga vitunguu.

Nyanya yake, Pushpa, alikuwa mshairi Mombasa kati ya vile vita vikuu viwili vya dunia. Mashairi aliwapa watu. Shajara aliwaachia wanawake wa ukoo, akaomba zisitoke nje. Kavita alimruhusu Elkana azisome kwa sababu alikuwa mchumba wake, na harusi ilikuwa imekaribia.

— Elkana, ulipiga picha shajara za nyanya?

Elkana alizima jiko.

— Nilikuwa nataka kukuambia.

— Lini? Jumapili?

— Kavi, mimi ni mhadhiri tu, hakuna anayenijua. Hii kazi itanijenga. Na yeye itamjenga. Leo nani anamkumbuka?

— Nionyeshe utakachosoma.

Akampa simu. Juu kabisa paliandikwa: "Mapenzi ya Siri ya Mshairi na Mchoraji." Kavita alisoma amesimama mpaka mwisho. Mchoraji alikuwa Telesphor, ambaye Pushpa alimpelekea tungo zake miaka na miaka, naye akizikosoa bila huruma. Pushpa naye alizikosoa picha zake vivyo hivyo.

— Ameandika wapi kwamba walipendana?

— Hakuandika waziwazi. Lakini mwanamke akisema "bila yeye nisingeandika", wewe unaelewa nini?

— Naelewa alikuwa na rafiki. Mtu aliyemwambia ukweli kuhusu kazi yake. Wewe umewatafutia kitanda.

— Watu hawaji kusikiliza habari za urafiki, Kavi.

Kavita alimrudishia simu yake. Alipanga nguo chache begini, akaenda kwa mama yake Neasden. Mama alimtazama usoni, akamtengea chai.

Ijumaa ikaingia meseji: "Nimemwambia Ann ukweli, kwamba hamkunipa ruhusa. Sisomi. Picha nimezifuta zote. Tafadhali rudi nyumbani."

Kavita alimpigia.

— Asante kwa kumwambia.

— Basi unarudi?

— Nikuulize kwanza. Ulipoandika yale, uliamini kweli walikuwa wapenzi?

Kavita alisikia basi likipita upande wa pili wa simu.

— Hapana, alisema Elkana mwishowe. Sikuamini.

— Ungekuwa umekosea tu kuelewa ulichosoma, ningerudi leo hii. Tungebishana, yangekwisha.

— Nimekuambia ukweli sasa hivi! Ningeweza kudanganya.

— Ndiyo, na nimekusikia. Lakini marehemu asiyeweza kujitetea ulimsingizia huku unajua si kweli. Siku tukikosana, mimi utanisingizia nini?

— Kavi, nakupenda.

— Najua. Na mimi bado nakupenda. Siji.

Jumatatu mama yake aliwapigia watu wa ukumbi wa harusi. Wageni, Kavita aliwapigia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba harusi haipo. Waliouliza kulikoni aliwajibu kwamba Elkana yuko hai, anaweza kujieleza, wamwulize yeye.