Kofi Lisilo na Mkia

Mdogo wangu wa kike ana studio ya kurekodi muziki. Iko nyumbani kwetu, mlango wake unatazamana na mlango wa chumba changu cha cherehani. Mimi nashona, yeye anarekodi. Akitaka kuanza kazi ananigongea ukuta, nami nasimamisha cherehani. Nanung'unika, lakini nasimamisha.

Kusema kweli, yule binti ana moyo. Studio ile aliijenga mwenyewe, kidogo kidogo. Kila asubuhi anafagia, anafuta vumbi, anakunja nyaya zake moja moja. Sakafuni aliweka vigae vyeupe vinavyong'aa mpaka unajiona uso. Ukutani alibandika trei za mayai, kwa sababu aliambiwa zinameza sauti. Ili trei zitoshe, tulikula mayai asubuhi, mchana na jioni. Mpaka leo nikiona yai nageuza uso.

"Studio lazima ing'ae, dada," aliniambia. "Siyo kama chumba chako, matambara kila kona!"

"Matambara hayo ndiyo yaliyokununulia hayo mayai," nikamjibu.

Basi, Ijumaa moja akaja shangazi yetu. Shangazi alitulea kwa nyimbo alizotunga mwenyewe: wimbo wa kuoga, wimbo wa kulala, wimbo wa mtoto anayekataa uji. Siku hizo alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji. Daktari alimwambia wazi kwamba sauti yake huenda isirudi kama zamani. Kabla ya hapo aliruhusiwa kuimba kidogo tu, asijichoshe.

"Binti yangu ana mimba," Shangazi akasema. "Mjukuu akija nitambembeleza kwa nini? Kwa kukohoa?"

Akacheka mwenyewe. Sisi hatukucheka.

"Njoo, shangazi," mdogo wangu akamshika mkono. "Tunazirekodi nyimbo zako leo hii."

Shangazi aliimba wimbo mmoja, na aliuimba vizuri. Lakini tuliposikiliza, sauti ilivuma kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji.

"Jamani!" Shangazi akasema. "Huyo ni mimi, au nimetumbukia kisimani?"

"Usijali, nitaisafisha kwenye kompyuta," mdogo wangu akasema. "Wewe nenda ukapumzike."

Akakaa na kompyuta mpaka Jumamosi mchana. Akapunguza huku, akaongeza kule. Sauti ikawa nyembamba, lakini tangi likabaki pale pale. Akaja chumbani kwangu macho mekundu.

"Dada, nimeshindwa. Shangazi anaondoka kesho kutwa, na mimi nimeshindwa!"

Sijazoea kumwona analia. Nikaacha suruali ya mteja bila zipu, nikaenda nyumba ya pili kumwita Mama Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu alikuwa fundi mitambo wa kituo cha redio mpaka alipostaafu. Akaja na kanga yake begani, akasimama katikati ya studio, akapiga kofi moja.

"Mmesikia?" akauliza. "Kofi limekwisha, lakini mkia wake bado unalia."

Kweli. Kulikuwa na mlio mdogo unaozunguka ukutani. Nimeishi nyumba ile miaka yote na sikuwahi kuusikia.

Akavuka mlango akaingia kwangu, kati ya marobota ya vitambaa na nguo zilizotundikwa. Akapiga kofi jingine. Pa! Kimya.

"Hapa halina mkia," akasema. "Mwanangu, sauti ni kama mpira. Ukiurusha kwenye vigae, unarudi. Ukiurusha kwenye godoro, unaanguka. Maikrofoni yako ni nzima. Inasikia mtu, na inasikia chumba pia."

"Na trei za mayai?"

"Ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo tu."

Nikakumbuka mayai yale yote. Nikataka kulia na mimi.

"Lakini kompyuta si inaweza kuondoa?" mdogo wangu akauliza.

"Dada yako atakujibu. Fundi, kitambaa kikitiwa rangi pamoja na doa, utalifua doa ibaki rangi?"

"Thubutu!" nikasema.

"Basi ndivyo ilivyo. Tengeneza chumba kwanza, ndipo urekodi."

Mdogo wangu akafuta machozi, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Hakubisha wala hakununa. Alipanda juu ya kiti, akaanza kubandua trei zake mwenyewe. Fundi mwingine angetetea kuta zake mpaka kesho.

Tulifanya kazi mpaka jioni. Tulifunika vigae kwa zulia nene. Yeye aligonga fremu za mbao, mimi nikazijaza vipande vya nguo na kuzishonea gunia. Tukazisimamisha mbali kidogo na ukuta, kama alivyotuelekeza Mama Redio. Nyuma ya mwimbaji tukatundika mablanketi mazito.

"Hiyo ni dawa ya mwangwi wa ndani," Mama Redio akasema. "Kelele za nje ni ugonjwa mwingine. Zinapita kwenye nyufa. Ziba chini ya mlango, zima feni, zima friji."

Kisha akapiga kofi. Pa! Basi.

Jumapili Shangazi akarudi. Akatazama kuta. "Ehe! Mmenihamishia dukani kwa fundi?"

Mdogo wangu akamsimamisha umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, uso upande kidogo, pumzi isiipige moja kwa moja. Akarekodi maneno machache, akayasikiliza kwanza. Akatabasamu, akanigongea ukuta. Siku ile sikunung'unika.

Nyimbo zilipokwisha, akaweka nakala moja kwenye kompyuta na nyingine kwenye diski, akaipeleka diski kwa Mama Redio. "Kompyuta ikifa," akasema, "Shangazi asife nayo."

Upasuaji ulikwenda salama, lakini sauti haikurudi. Shangazi sasa ananong'ona tu. Studio nayo haikosi watu. Waimbaji wakiingia, mdogo wangu anapiga kofi kwanza, anasikiliza, ndipo anawaambia waanze.

Mjukuu akazaliwa. Siku alipoletwa alilia mpaka akawa mwekundu. Mdogo wangu akafungua wimbo wa kulala. Sauti ya Shangazi ikatoka safi, karibu, kana kwamba ameketi hapo hapo. Na kweli alikuwa ameketi hapo, amempakata mtoto, anafuatisha maneno kwa midomo bila sauti.

Mtoto akanyamaza. Akaukazia macho mdomo wa bibi yake.

Mimi na mdogo wangu tukatazamana. Wimbo ulipokwisha, Shangazi akamwita kwa kidole. Mdogo wangu akainama.

"Rudia," Shangazi akanong'ona. "Anadhani ni mimi ninayeimba."

"Si ni wewe, shangazi," mdogo wangu akasema, na akaurudia.