Shati Kutoka kwa Mama Pacha

Duka la vifaa vya ujenzi Jumamosi asubuhi ni vurugu tupu. Huyu anataka misumari, yule anataka rangi, wa tatu anabishana na muuzaji kuhusu bomba lililopinda. Katikati ya msukumano huo, mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu aligeuka ghafla na roli la bomba la shaba begani, na ncha ya bomba ikanasa mtandio wa dada mmoja aliyekuja kununua kitasa cha mlango.

"Simama hapo hapo!" dada akafoka. "Ukigeuka tena unaniacha kichwa wazi mbele za watu."

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Hukuniona na mtandio wa manjano kama huu? Unaonekana mpaka barabarani!"

"Nimeuona sasa. Umekupendeza."

Dada alibana midomo asicheke. Alishindwa.

Dada alikuwa afisa katika ofisi ya malalamiko ya wateja, meza ya kwanza ukiingia, na mwanamume alikuwa fundi wa mashine za kupoza na kupasha nyumba joto. Dada alianza kumwita Fundi wangu, naye fundi akamwita Bi Faili. Jioni walikaa kwenye benchi nje ya ofisi, Bi Faili akimsimulia visa vya siku hiyo: fundi aliyefunga mlango kichwa chini, fundi aliyepaka rangi juu ya mjusi. Alikuwa na kipaji cha kuwaigiza. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe una huruma kweli?" aliuliza siku moja.

"Kwa fundi mbovu? Sina hata chembe."

Mwezi wa nne wa urafiki wao Bi Faili akamwalika nyumbani kwao ili wazazi wamwone. "Saa kumi kamili, mpenzi. Baba hapendi mtu wa kuchelewa. Ukichelewa dakika moja, usije kabisa."

Alifika saa kumi kasoro tano, viatu vinang'aa, shati limenyooka, vumbi la plasta nyuma ya sikio. Bi Faili akalifuta kwa kidole gumba mlangoni. Baba alimpenda papo hapo. Mambo yakawa mazuri, na yangebaki mazuri kama si simu.

Simu yenyewe ilianza wiki mbili baadaye. Ikilia, Fundi anatoka nje. Akirudi, macho yako chini. Jumapili moja Bi Faili mwenyewe akampigia.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Kwa mteja. Yule wa nyumba ya kona."

"Tena? Si ulikuwa huko Jumatatu?"

"Kuna kitu kidogo naweka sawa."

Ndipo sauti ya mwanamke, laini kama siagi, ikasikika nyuma yake: "Fundi, njoo basi, huku chumbani panachemka!"

Simu ikakatika. Bi Faili alibaki ameshika sponji ya kuoshea vyombo, maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Chumbani. Panachemka. Maneno hayo mawili yalikula naye chakula cha mchana, yakalala naye, yakaamka naye. Akamchora mwanamke huyo kichwani mwake: kiuno, bangili, gauni la hariri. Kila siku akamwongezea uzuri kidogo, kisha akamchukia kwa uzuri huohuo.

Alhamisi iliyofuata Fundi akaja kumchukua kazini akiwa amevaa shati jeupe. Si lake. Bi Faili alizijua nguo zake zote, na hakuna iliyokuwa na vifungo vya lulu mikononi wala harufu ya sabuni ya waridi.

"Ovaroli iko wapi?"

"Ililoa."

"Kwa jua hili?"

"Maji ya kwa mteja, Bi Faili. Yalinimwagikia."

"Mteja gani?"

Fundi akaanza kukung'uta kiatu chake.

"Wa nyumba ya kona," Bi Faili akajibu mwenyewe. "Akakuvua, akakufuta, akakuvika?"

"Acha hivyo, mpenzi."

"Nikuache hivyo, au nikuache kabisa? Niambie moja tu. Ni mwanamke, siyo?"

Fundi alitazama vifungo vile vya lulu kana kwamba jibu limeandikwa hapo.

"Fikiri unavyotaka," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeshafikiri."

Siku kumi na mbili hawakuongea. Simu ya Bi Faili ililia mara thelathini na moja. Alizihesabu zote, hakupokea hata moja. Usiniambie kwamba angepaswa kupokea. Mwanamke mwenye wivu hataki maelezo, anataka kushinda.

Siku ya kumi na tatu, faili jipya likatua mezani kwake. Mlalamikaji: mama wa pacha, nyumba ya kona. Mlalamikiwa: akasoma jina la Fundi wake, akasoma tena. *Mashine hii mchana haitoi baridi na alfajiri haitoi joto. Fundi amekuja mara sita.* Tarehe zote sita zilikuwa zimeandikwa. Jumatatu ile. Jumapili ile. Alhamisi ile ya shati.

Sheria ya ofisi ilikuwa fupi: afisa anayemfahamu mmoja wa wahusika anakabidhi faili kwa mwenzake siku hiyohiyo. Bi Faili aliijua, maana yeye ndiye aliyeibandika ukutani. Akalitia faili ndani ya mkoba.

Alirudi nyumbani kwanza, akavaa gauni la kijani linalomkaa vizuri, viatu virefu alivyovaa harusini kwa dada yake, na rangi ya mdomo. Yote hayo kwenda kukagua mashine.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mzuri. Hapo wivu haukukosea. Lakini alikuwa na mtoto kiunoni, mwingine amemng'ang'ania mguu, na gauni lake la nyumbani lilikuwa na madoa ya maziwa kuanzia begani hadi chini.

"Natoka ofisi ya malalamiko."

"Mungu mkubwa! Karibu dada yangu, karibu. Usikanyage gari hilo la watoto, lina magurudumu."

Chumbani palichemka kweli. Mashine ilining'inia juu ya kitanda, uso wake umefunikwa barafu, na chini yake kulikuwa na taulo nne zilizolowa.

"Unaiona?" Mama Pacha akasema. "Barafu kwenye mashine, sisi tunaokwa. Anakuja, anajaza gesi, inapuliza vizuri siku nne, tano, halafu inakufa. Watoto wametoka vipele mpaka shingoni. Majuzi barafu ikayeyuka yote, ikammwagikia fundi kuanzia kichwani mpaka viatuni. Nikampa shati la mume wangu. Mpaka leo halijarudi, na mume wangu anarudi safari Ijumaa. Nitamwambia nini?"

"Shati jeupe," akasema Bi Faili. "Vifungo vya lulu."

"Wewe umelijuaje?"

Bi Faili akaketi ukingoni mwa kitanda. Viatu vilikuwa vinamuuma. "Ni mchumba wangu."

Mama Pacha alimtazama gauni, akatazama rangi ya mdomo, akaelewa. Akaangua kicheko hadi mtoto akaanza kulia.

"Ulidhani mimi? Jamani, tangu juzi sijachana nywele! Wawili hawa hawalali, baba yao yuko safarini, hiyo nguvu ya kuiba mwanamume naitoa wapi? Mchukue, dada. Mchukue na mashine yake. Mimi nataka baridi tu."

Ilikuwa aibu, na aibu hiyo ilipaswa kumtuliza. Haikumtuliza. Kama hakuna mwanamke, alikuwa anaficha nini?

Mlango ukagongwa. Fundi akaingia na mtungi wa gesi mkononi, akamwona, akasimama kama mtu aliyegonga ukuta.

"Bi Faili."

"Gesi inavuja wapi?"

"Nitaijaza tu, halafu..."

"Sijakuuliza kujaza. Inavuja wapi?"

Fundi aliweka mtungi chini taratibu. Akasogea, akaweka kiganja ukutani, kati ya dirisha na mashine, mahali palipopakwa rangi vizuri kuliko kwingine.

"Hapa."

"Umejua leo?"

"Nimejua tangu siku niliyoifunga. Roli la bomba lilipungua mita moja. Ilikuwa siku ile ya wazazi wako, saa tisa na robo. Ningekwenda dukani, kwenu ningefika saa kumi na moja. Nikaunga vipande viwili, nikapiga plasta juu. Bomba la shaba haliungwi ndani ya ukuta, kila fundi anajua. Nikasema litashika. Halikushika."

Mama Pacha alihamisha mtoto upande wa pili. "Kumbe tumeokwa sisi kwa sababu ya wakwe zako!"

Bi Faili alimgeukia Fundi.

"Nilikuuliza kama ni mwanamke," akasema Bi Faili. "Ukaniambia nifikiri ninavyotaka."

"Nilipendelea unione mhuni kuliko unione fundi mbovu."

Wivu wa Bi Faili ulikuwa umebeba mzigo siku zote hizo ukitafuta mtu wa kumtwisha. Sasa ulibaki na ukuta. Ukuta ulijua siri ya mwanamume wake, yeye hakujua. Iliuma kuliko bangili na hariri.

Kesho yake asubuhi alikabidhi faili kwa mwenzake wa meza ya pili, kisha akaingia kwa mkuu wao na kusema kwa nini amelichelewesha. Akapewa barua ya onyo. Akaikunja, hakulia. Kikao cha usuluhishi kilipofanyika, alikaa mezani kwake akijifanya anapanga karatasi. Fundi hakujitetea. Ikaamuliwa: ukuta uvunjwe, bomba moja zima liwekwe, lipimwe mbele ya afisa, kisha plasta na rangi. Likivuja, leseni yake inasimamishwa.

Siku ya kipimo simu ya Bi Faili ikalia. Alikuwa Mama Pacha.

"Njoo umlinde mwanamume wako. Nawapeleka watoto kliniki. Sitaki kumwacha mgeni nyumbani peke yake, na nikibaki naye utasema tena."

Alikuta ukuta umechanwa mfereji kutoka dirishani hadi mashineni, shaba mpya inang'aa ndani. Fundi alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Shati jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi, lilining'inia mlangoni. Bomba lilikuwa limejazwa hewa kwa nguvu, na sindano ya geji, kile kipimo cha nguvu ya hewa, ikishuka hata kidogo, kuna tundu. Afisa wa meza ya pili angekuja kuisoma saa tisa. Wakaketi sakafuni, geji katikati yao.

"Umekonda," Bi Faili akasema.

"Chakula hakipiti."

"Mwongo. Una makombo ya mkate kwenye ndevu."

Akajifuta haraka. Sindano haikusogea.

"Kwa nini hukuniambia? Sisemi wateja. Mimi."

"Nikuambie wewe?" Akacheka bila furaha. "Kila jioni unaniigizia mafundi wabovu. Nilikuwa najiona nimesimama kwenye foleni yao, nasubiri zamu yangu."

Bi Faili alitazama mikono yake. Lilikuwa kweli.

"Basi sitawaigiza tena."

"Yule wa mjusi unaweza kumwigiza."

"Yule wa mjusi lazima."

Walicheka, kidogo kwanza, halafu sana. Kisha Fundi akavuta pumzi kama mtu anayeinua kitu kizito.

"Utaolewa na fundi aliyewahi kuandikiwa malalamiko?"

"Mangapi?"

"Hili moja."

"Hakuna kingine ukutani?"

Akafikiri. Bi Faili alimwona akipigana nafsini mwake.

"Kwa mzee wa ghorofa ya tatu," akasema mwishowe, "bomba la kutolea maji nimeliinamisha upande usio sawa. Halijavuja. Litavuja. Kesho nakwenda kulirekebisha."

Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, Bi Faili akamwamini.

"Huyo mzee ana mabinti?"

"Wanne."

"Wamekwishaolewa?"

"Hakuna hata mmoja."

"Basi nakuja nawe, nikushikie ngazi."

"Na jibu langu, Bi Faili?"

"Ndilo hilo nimekupa, bwana. Tazama geji yako."