Aliyepigwa Picha Akioga

Harufu ya nywele zilizoungua ilisikika ukumbini kabla wageni hawajaingia. Fundi Saa alikagua nyaya za umeme, asione kitu, akajiambia ni woga tu. Miaka yote alitengeneza saa za watu, na kila alipopata nafasi alizurura na kamera, hata mkewe akamtania kwamba kamera ndiyo mke mkubwa. Leo, kwa mara ya kwanza, picha zake zilitundikwa watu wazione.

Iliyosifiwa zaidi ilikuwa ya bafu la kiwanda kilichofungwa zamani: vigae vilivyobanduka, mlango wazi, mwanga mkali. Mzee mmoja alimpongeza kwa yule mwanamke anayechana nywele, aliyewapa watu mgongo. Fundi Saa akacheka kwa adabu, maana siku ile bafuni hakukuwa na mtu. Alipogeuka kutazama, alimwona.

Mkewe, mshonaji, alimvuta kando. "Baba Watoto," alinong'ona, "ishushe hiyo picha."

"Niishushe, na ndiyo iliyojaza ukumbi?" Sifa zilikuwa zimemlevya.

Baadaye mwanamke wa pichani alikuwa amegeuka ubavu. Ilipofika adhuhuri, harufu ikazidi hadi watu wakaziba pua na kutoka mmoja mmoja bila kuaga, na Fundi Saa akaona uso mzima ukimkodolea macho, na kwenye picha iliyotundikwa kando yake, ile ya mkewe akicheka mbele ya cherehani, mahali pa macho palikuwa peupe kama karatasi, na nyuma yake akasikia sauti ya mkewe ikiuliza, polepole, mbona giza limeingia mapema.

Nje jua lilikuwa utosini.

Fundi Saa aliichoma ile picha pamoja na filamu yake. Haikusaidia; mkewe alibaki haoni. Jioni akaitwa shangazi wa mkewe, mganga. Alifukiza ubani chumbani, akaliuliza jini lililompanda mgonjwa linataka nini. Mdomo uliojibu ulikuwa wa mgonjwa, sauti haikuwa yake.

"Nilikuwa naoga nyumbani kwangu. Huyu akaingia bila hodi, akanipiga picha, akanitundika ukutani nitazamwe na kila apitaye. Alinivua stara. Nami nimechukua macho anayoyapenda."

Fundi Saa alipiga magoti, akaomba radhi. Jini likacheka. Shangazi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba radhi tupu halitaikubali, limedhalilishwa mno.

"Basi chukua jicho langu," akasema Fundi Saa. "Lile nililokuchungulia nalo. Huyu hana kosa."

Jicho lake la kulia likamuwasha kama limetiwa pilipili, kisha likazimika. Mkewe akapiga chafya, akafumbua macho, akamwita. Walilia wakiwa wameshikana. Shangazi akasema limetoka, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Kesho yake, magharibi ilipopita, umeme ulikatika mtaa mzima. Fundi Saa aliingia chumbani akipapasa ukuta. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu ilikuwa ikienda mbio. Alimwambia mkewe apumzike kidogo, yeye akamtafutie mshumaa.

"Wa nini?" Cherehani ilisimama kidogo tu. Akasikia uzi ukikatwa kwa meno, na papo hapo cherehani ikaanza tena, uzi mwingine umeshatungwa kwenye tundu la sindano, katika giza ambamo yeye hakuuona hata mkono wake mwenyewe. "Kaa hapo hapo. Nakuona."