Alinikana Kando ya Pisini

"Mutoto ni wangu. Ule maman simujue."

Wasomaji wangu, maneno hayo yalitoka kinywani mwa Keren, mke wa mwanangu Guelord. Alikuwa amesimama ndani ya pisini, bwawa la kuogelea, maji yakimfika kiunoni. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki, mjukuu wangu Abigaël kifuani... ananyonya.

Ndiyo. Ananyonya. Na mimi nina mvi hizi.

Mlinzi wa hoteli akanishika mkono.

"Maman, huyu mutoto wa bantu umemutoa wapi?"

Ngojeni niwaeleze tulifikaje pale.

Guelord anafanya kazi Kasumbalesa, mpakani, nyumbani tunamwona mara chache. Abigaël alipofikisha miezi minne, Keren alirudi ofisini. Anakamua maziwa asubuhi, mimi nampa mtoto kwa kikombe na kijiko.

Hapo ndipo wivu ulipoingia nyumbani.

Keren akirudi jioni, anamnusa mtoto kichwani, kisha anamwogesha tena ili harufu yangu itoke. Abigaël akinichekea, anamgeuza upande wa pili. Nilivumilia. Ni yeye pia aliyeninunulia miwani bila kuombwa, hilo sikulisahau.

Wiki ile mtoto alikuwa na mafua. Jioni moja akakataa titi la mama yake. Asubuhi Keren hakunisalimia...

Jumapili, baada ya misa, akatupeleka kwenye pisini ya hoteli moja kule mtaa wa Golf. Nadhani alitaka kuniomba radhi. Akaingia majini. Mtoto akaanza kulia, nikampa titi langu kavu atulie. Mama yangu aliwafanyia hivyo watoto wangu. Nami nafanya hivyo kila siku, ila Keren alikuwa hajawahi kuona kwa macho yake.

Mlinzi alikuja kuniambia kwamba pale hawanyonyeshi, niende toilette, yaani chooni. Nikamjibu titi hili halina hata tone. Wababa waliokuwa wanakunywa bia meza ya jirani wakacheka, mmoja akasema kambo, yaani bibi, amefungua tena kiwanda cha maziwa. Mlinzi akauliza mama wa mtoto ni nani. Nikamwonyesha Keren.

Na Keren akanikana.

Nilimwangalia machoni. Haikuwa chuki. Ulikuwa woga wa mtu anayeona anaibiwa.

Akatoka majini, akaninyang'anya mtoto, nami nikainuka. Abigaël akapiga kelele. Keren, mwili wote unatiririka maji, akakaa kwenye kiti changu, akamwekea titi lake.

Mtoto akalikamata palepale... akavuta kwa nguvu, akafumba macho.

Keren akaanza kulia. Lakini mlinzi hakuona machozi, aliona titi tu.

"Na weye pia, maman. Kwa toilette."

Magoti yangu yanauma, lakini nilijiweka kati yao.

"Papa, bale babaume bote beko kifua wazi. Anza nabo. Ukimaliza kubapeleka kwa toilette, utakuya kumuchukua mukwe wangu."

Kicheko kikahamia upande mwingine. Yule wa kiwanda akajifunika tumbo kwa taulo. Mlinzi akajikuna shingo. Na sitamnyima haki yake: alivuta mwavuli wa meza mpaka kivuli kikamfikia Keren, kisha akaenda zake.

Keren aliongea bila kuinua uso.

"Maman, ndio maana ananikatala? Unamupatia titi yako?"

"Alikatala juu ya mafua. Pua ilikuwa inaziba."

"Na juu ya nini unamunyonyesha?"

"Mutoto wa jirani alizobelea chupa ya biberon, akaacha titi ya mama yake. Sikutaka Abigaël asahau. Nilikuwa nakuchungia nafasi yako."

Keren akainua uso, mtoto akiendelea kunyonya. Kisha akamwita mlinzi, kwa sauti ambayo meza zote zilisikia.

"Papa, nilibongopa. Huyu ni mama yangu."

Akasogea, akanipa nusu ya kiti. Kilikuwa kimelowa chote. Nilikaa hivyo hivyo.

Ninyi mnaorudi kazini na kuacha watoto wachanga, najua wivu ule unavyochoma. Mkimkuta mtoto ametulia kifuani pa mtu mwingine, muulizeni kwanza mtu huyo anafanya nini. Huenda anawalindia.

Na ninyi wenye pisini... mama anayenyonyesha mpeni kiti na kivuli. Inatosha.