Shati la Fundi Halikuonyesha Kitu

— Dobi, mbona umeganda? Utaniunguzia shati!

Dobi akashtuka, akainua pasi. Maji ya pasi yakachuruzika mezani.

— Halijaungua.

— Sasa mbona umepauka kama umeona maiti?

Lo! Laiti Fundi angejua alivyolenga.

Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo, kwa heshima zote. Dobi alikuwa mmoja wa Waliopewa, watu ambao hapo kale vibwengo, wale wadogo wenye mabawa membamba kama maganda ya kitunguu, waliwakirimia uwezo. Kwa nini, hakuna ajuaye. Labda walichoka kuubeba wenyewe. Babu yake alizima moto kwa kupuliza. Mjomba wake huona kila kilichopotea, isipokuwa miwani yake. Naye Dobi akipiga pasi nguo ya mtu, huiona siku ya mvaaji ikipita juu ya kitambaa mpaka jua kuzama: huyu atagombana na bosi, yule atateleza bafuni. Huwaonya wateja kijanja, nao humwona dada mwenye busara tu.

Nguo za nyumbani hakuwahi kuzipiga pasi. Kwao bibi alipiga marufuku pasi tangu zamani, na ukoo mzima ulitembea umekunjamana, hadi mtaa ukawaita Makunyanzi. Dobi aliamini ni uvivu wa kurithi.

Asubuhi hii Fundi, mchumba wake, fundi wa lifti mwenye mabega kama kabati, alileta shati lake kwa mara ya kwanza. Siku zote mama yake ndiye aliyempigia, wala hakuruhusu mkono mwingine. Leo pasi ya mama imekufa. Dobi akapitisha yake kutoka kola mpaka upindo, asione kitu. Kitambaa kitupu.

Shati tupu aliliona mara moja tu maishani, la mzee wa posta. Mzee yule hakuiona jioni.

— Leo unafanya kazi wapi?

— Lile jengo la ghorofa kumi. Waya wa lifti umechoka, nakwenda kuukagua.

— Usiende.

— Kwa nini?

Hapo Dobi akakumbuka. Siku ya posa, mama yake Fundi alisema mbele ya wazee wote: "Binti tumempenda. Ila mtu wa Waliopewa hakanyagi mlango wangu, hata kwa bahati mbaya." Wazee wa Dobi wakatazama viatu vyao. Basi akisema, anamkosa. Akinyamaza, anamzika.

— Nimeota vibaya.

— Ndoto za asubuhi ni njaa hizo, mpenzi. Kunywa chai.

Akavaa shati, akacheka, akaenda zake. Duka likawa kimya kama bweni mwalimu wa zamu anapopita.

Dobi akashika simu.

"Rudi tafadhali."

"Nikirudi, wajawazito wa jengo lile watapanda ngazi mpaka wajifungulie njiani. Vipi wewe?"

"Nina jambo la kukuambia."

"Niambie."

Akaandika "Mimi ni". Akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mara ya tatu kidole kililowa jasho, simu ikakataa kumtambua.

Shangazi yake akatokea nyuma na beseni la nguo mbichi.

— We mtoto, unalia au ni mvuke?

— Shangazi, akija mteja mwambie nimekwenda kuvunja uchumba.

— Haya. Ukirudi upitie sabuni.

Akakimbia. Njia nzima moyo ulimpiga kama mashine ya kufulia iliyozidishiwa mablanketi. Akimwona mtu amelala barazani anadhani ndiye. Akisikia king'ora, anaongeza mbio. Alipofika jengoni, akamuuliza mlinzi huku anahema:

— Fundi wa lifti yuko wapi?

— Ghorofa ya sita. Lakini dada, subiri...

Dada hakusubiri. Aliyezoea kusoma mashati ya watu hakusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: LIFTI MBOVU, USIPANDE. Akaingia, akabonyeza sita.

Lifti ikapanda. Moja. Mbili. Tatu. Ikakohoa. Nne. Juu kukasikika mlio kama wa mtu anayekata kuni. Taa ikazimika, na sakafu ikaiacha miguu yake.

Alianguka gizani. Alichowaza ni kimoja tu: kumbe kifo cha shati lile kilikuwa changu.

Ghafla lifti ikasimama, polepole kama jani linavyotua.

— Nani humo ndani?

Ilikuwa sauti ya Fundi, kutoka juu kabisa.

— Mimi!

— Mimi nani?

— Mimi unayetaka kunioa, mjinga wewe!

Kisha lifti ikaanza kupanda, bila umeme, bila mlio. Ikafika sita, milango ikafunguliwa kwa nguvu. Fundi alisimama pale, jasho linamtiririka. Waya wa chuma uliokatika alikuwa ameuzungushia mkono wake mmoja kama kamba ya kuanikia nguo. Lifti nzima ilining'inia kwenye mkono huo.

Dobi akaruka kwenda kwake. Fundi akaufunga waya kwenye chuma cha ukutani, kisha akarudi nyuma hatua mbili. Aliogopa kuliko yeye.

— Umeona?

— Nimeona.

— Kizito nikikishika huwa chepesi. Nilizaliwa hivi. Sikukuambia kwa sababu... Sasa utanikimbia.

— Wewe ni Aliyepewa?

— Usilitaje kwa sauti!

— Na mama yako anayewakataza Waliopewa mlangoni?

— Mama hubeba pipa la maji kwa kidole kimoja. Babu yake, mji mzima ulimfukuza kwa mawe. Anawahi kutukana watu kabla hajatukanwa. Na pasi... anasema wapo wasomao nguo, watatugundua.

Dobi akaketi chini. Akacheka, akalia, akampiga kofi begani.

— Asubuhi hii nimekusoma! Nimekuta patupu! Nimekuzika tangu saa mbili, nimekuchagulia mpaka sanda!

Fundi akatoa macho.

— Wewe pia?

— Kwa nini unadhani ukoo wetu umekunjamana?

Akampigia Shangazi simu hapo hapo.

— Shangazi, Aliyepewa akipigiwa pasi nguo yake, inaonyesha nini?

— Haionyeshi kitu. Vibwengo hawasengenyi watu wao. Kwani bibi hakukuambia?

— Hakuniambia! Na mzee wa posta?

— Yule alikuwa mtu wa kawaida, alikufa tu.

— Sasa mtu akipiga pasi nguo yetu, atajuaje kama ni kifo au ni ukoo?

Beseni likasikika likiwekwa chini.

— Hajui, mwanangu. Bibi aliipiga pasi nguo ya babu kila siku, na kila siku akalia. Ndipo akaikataza. Umenunua sabuni?

Uchumba haukuvunjika. Mama mkwe alipoambiwa, aliketi, akaomba maji, kisha akasema kwa hasira ya aibu:

— Nilishangaa familia nzima kukosa pasi, na binti yao ni dobi.

Asubuhi ya harusi Shangazi alimkuta Dobi mezani, mkufu shingoni, pasi mkononi, shati jeupe la bwana harusi limetandazwa mbele yake.

— Bibi alikataza!

— Najua.

Akapitisha pasi kutoka kola mpaka upindo. Kitambaa kilikuwa kitupu. Huenda ulikuwa ukoo. Huenda kilikuwa kile kingine. Akaogopa kama anavyoogopa kila mtu anayempenda mtu.

Akalikunja vizuri, akampelekea.

— Umeona nini?

— Sijaona kitu. Vaa, twende.